Amefungwa "ili asifanye mabaya": namna ya kusoma amri na kuhesabu siku hapa Lubumbashi

Habari inafika kwa simu, usiku, kwa sauti ya jirani: "Mama, bamefunga Yaya. Banasema eko mu bande." Asubuhi mama anabeba bukari na sombe kwenye bakuli yenye kifuniko, anatoka Katuba, anafika mbele ya kasho ya polisi, na swali la kwanza linalomtoka ni: "Banaomba feza ngapi?"

Swali hilo ndilo linalotuangusha. Nimefanya kazi ya défenseur judiciaire, yaani mtetezi wa watu mahakamani, hapa Lubumbashi kwa miaka mingi. Familia inayoanza na feza inamaliza feza, na mtoto anabaki ndani. Familia inayoanza na saa inakuwa na kitu cha kumwonyesha majistra.

Sheria ya Kongo inaruhusu mtu azuiwe kabla hajahukumiwa, kwa kuogopa kwamba atakimbia au kwamba usalama wa watu uko hatarini. Sina ugomvi na hilo. Nani anataka wanyang'anyi watembee usiku kwenye avenue yake? Lakini amri ya kuzuia inamgusa mtu ambaye bado, kwa maneno ya kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006, anahesabiwa kuwa hana kosa. Ndiyo maana kila amri inatakiwa iwe na mtu mwenye mamlaka ya kuisaini, sababu iliyoandikwa, na siku ya kwisha. Kazi yako ni kutafuta hivyo vitatu kwenye kila karatasi.

Kwa msomaji wa Goma: Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, tangu tarehe 6 Mei 2021, na kesi nyingi za jinai zikahamia mahakama za kijeshi. Halafu mji wenyewe ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025. Hesabu ninayoitoa hapa ni ya Lubumbashi, ambako mahakama za kawaida zinafanya kazi. Usiichukue hivyohivyo.

Saa ya kukamatwa

Nunua kaye ndogo. Ukurasa wa kwanza andika: tarehe, saa, mahali, na nani alimkamata. Mpolisi? Mwanajeshi? Vijana wa mtaa waliomshika wakamkabidhi? Andika pia majina ya waliokuwepo. Usiseme utakumbuka. Baada ya siku nne za kukimbia huku na huko, hata mama mzazi anachanganya Jumamosi na Jumapili.

Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema garde à vue, yaani kushikwa kwa polisi, haipiti saa 48. Saa hizo zikiisha, mtu anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama yenye uwezo juu ya kesi yake. Akikamatwa Ijumaa tarehe 1, saa 19h00, mwisho ni Jumapili tarehe 3, saa 19h00. Utaambiwa: "Ni wikendi, tungojee Jumatatu." Katiba inahesabu saa, na haikuitoa Jumapili.

Kifungu hichohicho kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa palepale sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na haki ya kuwasiliana mara moja na familia au avoka wake. Kwa hiyo OPJ (mpolisi mpelelezi) akisema "hakuna kumwona mpaka anketi iishe", jibu kwa heshima lakini usiondoke: "Chef, kifungu cha 18. Naomba tu nimwone, na nijue ameandikiwa kosa gani." Nimeona neno "kifungu" likifungua mlango ambao noti ya dola haikuufungua. Nimeona pia likiufunga zaidi, sitakudanganya. Hata hapo andika kwenye kaye: nilikataliwa, saa fulani.

Na kama waliyemtafuta hawakumpata, wakamchukua mwingine? Hili linatokea sana. Kijana amekimbia, wanamfunga mama yake au mdogo wake "mpaka ajilete". Kifungu cha 17 kinalikataza wazi: hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa kitendo cha mtu mwingine. Hapa usianze kueleza kwamba mama ni mtu mwema au ni mgonjwa. Sema jambo moja tu: kosa lake yeye ni gani? Likikosekana, Code pénal, sheria ya makosa ya jinai, inalo jina la kumfunga mtu ovyo, kwenye kifungu cha 67, na adhabu yake ni mwaka 1 hadi 5.

PV, na ulimi wa mtoto wako

OPJ ataandika PV, karatasi ya mahojiano, kwa Kifaransa. Kijana atajibu kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili ndimo kesi nyingi zinapozaliwa. Niliwahi kushika PV iliyosema "reconnaît faire partie du groupe". Nikamuuliza kijana alichosema. Alisema: "Nabajua, tulikuwa tunacheza nabo mupira." Kuwajua kukageuka kuwa wa kundi.

Mwambie asisaini kabla hajasomewa PV kwa Kiswahili, polepole, sentensi kwa sentensi. Kisipokuwa alichosema, aombe kirekebishwe. Kikikataliwa, asisaini, kukataa kwake kutaandikwa na si kosa. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi tangu kwa polisi, bila kungoja mahakamani. Kama hamna uwezo wa kulipa avoka, kila baro (chama cha maavoka) ina Bureau de consultations gratuites, ofisi ya ushauri wa bure, na ya Haut-Katanga iko hapahapa mjini.

Neno la kuangalia zaidi kwenye kesi za namna hii ni "association de malfaiteurs", yaani kundi la wahalifu. Kifungu cha 156 cha Code pénal kinasema kosa hilo lipo kwa sababu tu bande imeundwa kwa lengo la kushambulia watu au mali, hata kama bado haijaiba kitu. Hii ndiyo sheria yetu ya kuzuia kabla ya tendo, na ni kali: kwa wakubwa wa bande imeandikwa adhabu ya kifo. Kwa hiyo swali linakuwa, je, kundi lilipangwa, na yeye alikuwa na nafasi gani ndani yake? Kukaa pamoja kwenye nganda (baa), kuwa na namba ya mtu kwenye simu au kufanana nywele hakutoshi kuwa mpango. Mtetezi aulize hivyo kila hatua, mpaka wachoke.

Kama walikuja kupekua nyumba, andika saa walipoingia. Bila ruhusa ya juji, na pasipo kosa linalofumaniwa, upekuzi hauanzi kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku. Unafanyika mbele ya mwenye nyumba kama yupo. Andika kilichochukuliwa, hata chaja ya simu.

Karatasi tatu za parke

Mtu akifika parke, ofisi ya waendesha mashtaka, utasikia "mandat" kila upande, kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitatu, na ukivichanganya huwezi kuhesabu.

Mandat de comparution ni wito: njoo siku fulani. Haikufungi. Nenda, na mtetezi, na nakala. Wengi wanakimbia karatasi hii kwa woga, na kukimbia ndiko kunaleta ile ya pili.

Mandat d'amener inaruhusu uletwe kwa nguvu mbele ya majistra wa parke. Ukishafika ulizwe haraka, mwisho kesho yake. Haimpi mtu ruhusa ya kukuhifadhi wiki nzima.

Mandat d'arrêt provisoire, inayoitwa MAP, ndiyo inayofungua mlango wa Kasapa, gereza la hapa Lubumbashi. Majistra anaitoa baada ya kumuuliza mtuhumiwa, si kabla. Code de procédure pénale, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile ya 1959, inadai mambo mawili kwenye kifungu cha 27: alama nzito za kosa, na kosa lenye adhabu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi. Kosa likiwa dogo kuliko hapo lakini linapita siku 7, wanaweza kumfunga tu ikiwa wanaogopa atatoroka, ikiwa hajulikani ni nani, au ikiwa usalama wa watu unadai hivyo kwa sababu nzito na zisizo za kawaida.

Chukua kitambulisho, risiti ya nyumba ya kupanga, karatasi ya shule ya watoto au ya kazi. Weka zote kwenye fadi moja. Hizo ndizo zinajibu hofu ya kutoroka. Ushuhuda wa mchungaji kwamba ni kijana mzuri ni kitu cha kupendeza, lakini haujibu swali lililoulizwa.

Ukiiona MAP, angalia jina, kosa na kifungu chake, tarehe, saini na muhuri. Niliwahi kuletewa moja yenye muhuri mzuri kabisa, wa bluu, na mahali pa kosa pameachwa wazi. Tuliipiga picha mbele ya mtoa karatasi. Mchana huohuo pakajazwa kosa dogo zaidi kuliko lile walilokuwa wanatutishia.

Kabla hujaendelea, tazama uko mlango gani. Kama mtoto wako ni raia na amepelekwa auditorat militaire (parke ya jeshi), uliza kwa maandishi ni kwa sababu gani, kwa maana kifungu cha 19 kinasema mtu hanyang'anywi juji aliyewekewa na sheria. Kama hajafika miaka 18, mlango ni wa tribunal pour enfants (mahakama ya watoto), chini ya sheria ya Januari 2009. Na aliye chini ya miaka 14 sheria inamhesabu hawezi kubeba kosa kabisa. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, karatasi ya ubatizo au ya shule, chochote chenye tarehe.

Siku tano, kumi na tano, mwezi

Majistra wa parke hana uwezo wa kumweka mtu ndani kwa kupenda kwake. MAP ikishatoka, na juji yuko mji uleule, mtuhumiwa anatakiwa afike mbele ya juji wa tribunal de paix (mahakama ya ngazi ya chini) ndani ya siku 5. Kifungu cha 28. Hapa Lubumbashi juji yuko mji uleule, kwa hiyo habari ya umbali wa safari isikuzungushe.

Endelea na mfano wetu. MAP imesainiwa Jumatatu tarehe 4. Tarehe 9 isipite bila juji. Ikipita, mtetezi anaandika palepale kuomba aachiliwe. Sheria inasema hivyo kwa maneno yake.

Juji anasikiliza ndani ya ofisi, bila watazamaji. Familia haiingii, mtetezi anaingia, na mtuhumiwa lazima asikilizwe. Juji akisaini tarehe 8, amri yake ina siku 15, na siku ya kusaini imo ndani ya hesabu. Inakufa tarehe 22. Wengi wanahesabu mpaka 23, na parke nayo wakati mwingine.

Baada ya hapo inaweza kuongezwa mwezi mmoja, kila mara kwa amri mpya, na kila mara mtu asikilizwe tena. Kwa makosa ya miezi 6 na zaidi, kuongeza kunakoma baada ya mara tatu mfululizo. Zaidi ya hapo, juji mwenye uwezo juu ya kesi aamue kwenye kikao cha wazi, mbele ya watu. Siku 15 na miezi mitatu. Piga mstari mwekundu kwenye kalenda ya ukutani na umwambie kila mtu nyumbani maana yake. Wapo watu ndani ya Kasapa wanaokaa kwa amri iliyokwisha zamani, kwa sababu tu hakuna aliyehesabu. Na gereza lile, baada ya wanawake kubakwa ndani yake mwezi wa Septemba 2020, si mahali pa kumsahau mtu.

Saa 24 za rufaa

Juji akikubali mtu abaki ndani, rufaa inakwenda tribunal de grande instance, mahakama ya juu yake. Una saa 24. Kwa mtuhumiwa zinaanza pale anapojulishwa amri.

Hapa nilianguka mwenyewe, miaka yangu ya kwanza. Familia ililala na karatasi, ikaniletea kesho yake mchana. Nikahesabu tangu ilipofika mkononi mwangu, nikaandika usiku kucha, asubuhi nikafika na rufaa nzuri, kurasa tatu. Karani akatazama saini ya kijana chini ya amri, akatazama saa ya ukutani, akanirudishia bila neno. Kijana alikaa mwezi mwingine. Mama yake hakunilaumu, na hilo ndilo lilinikaa moyoni.

Tangu siku hiyo, mteja wangu akisaini kwamba amejulishwa, anaandika saa pembeni ya saini yake. Na rufaa tunaitayarisha kabla juji hajasema, kwa karatasi moja tu.

Uhuru wenye masharti

Hapa ndipo ningependa familia zitumie nguvu zao, badala ya kulia mbele ya geti. Juji anaweza kusema: alama za kosa zipo, lakini atoke kwa liberté provisoire, kwa dhamana ya feza na kwa masharti. Masharti yameandikwa kwenye kifungu cha 32: akae mji wenye ofisi ya majistra, asipite umbali fulani bila ruhusa, asiende mahali fulani, kama gare au bandari, au asiwepo hapo saa fulani, ajitokeze mara kwa mara, na aje kila anapoitwa.

Uingereza wana sheria ya 2007 inayoruhusu mahakama kumwekea mtu amri ya kuzuia uhalifu mkubwa: asishike simu nyingi, asifanye biashara fulani, asikutane na watu fulani. Kuivunja ni kosa jipya lenye kifungo hadi miaka 5. Ni amri kali, lakini wameizungushia uzio: haizidi miaka 5, haimgusi aliye chini ya miaka 18, haiwezi kumlazimisha mtu kujibu maswali kwa mdomo, na mtu mwingine ambaye amri itamuumiza sana anapewa nafasi ya kusema. Sisi masharti yetu yananing'inia kwenye kesi, hayasimami peke yake. Lakini maswali ya uzio ule yanafaa hapa pia.

Uliza: sharti linaeleweka? "Ajiepushe na watu wabaya" haliwezi kufuatwa, maana hakuna anayejua limevunjwa lini. Omba majina au mahali. Linawezekana? Dereva wa kamio anayekula kwa safari za Kasumbalesa, ukimwambia asitoke mjini umemfungia watoto wake pia. Omba ruhusa ya safari kwa karatasi, na tarehe ya kwenda na kurudi. Linamgusa nani mwingine? Mke mwenye meza sokoni, karibu na gare ambayo mume amekatazwa, naye aseme mapema kupitia mtetezi. Na kujitokeza: siku gani, saa gani, kwa nani? Nenda na kaye, na kila mara omba saini au muhuri. Siku aliyekupokea atakapohamishwa, kaye ndiyo itakayosema kwamba ulikuwa unakuja.

Dhamana ya feza si faini wala si asante. Inawekwa kuhakikisha mtu atakuja kwenye kila tendo la kesi na kwenye adhabu kama ikitokea. Lipia panapolipiwa rasmi, chukua risiti yenye jina la mtuhumiwa na namba ya dosie, na uitunze. Ndiyo utakayoidaia feza akiwa ametimiza wajibu wake. Anayekwambia "leta hapa koridoni, nitaifikisha" usimpe, hata kama ni binamu.

Parke inaweza kumwomba juji abadilishe masharti, au auondoe uhuru wenyewe kama mambo mapya na mazito yamezuka. Ikidai kwamba kijana amevunja sharti, inaweza kumrudisha ndani. Akibisha, ana saa 24 tena, tangu aliporudishwa, kwenda kwa juji aliyempa uhuru. Mihuri ya kwenye kaye inalipa siku hiyo.

Usichanganye haya na adhabu zilizo kwenye kifungu cha 5 cha Code pénal, kama kukaa mbali na sehemu fulani au kulazimishwa kukaa mahali pamoja. Hizo zinatoka kwa hukumu. Mtu ambaye hajahukumiwa akiambiwa kwa mdomo "hama komine hii", hiyo si amri.

Wakivunja wao

Andika barua fupi kwa mkubwa wa aliyekosea: kwa majistra mkuu wa parke kama ni OPJ, kwa procureur général kama ni majistra wa parke. Jina, tarehe, saa, siku zilizozidi, basi. Nakala mbili, moja irudi na accusé de réception, alama kwamba imepokelewa. Kama alipigwa ili akubali kosa, kuna sheria ya tarehe 9 Julai 2011 dhidi ya mateso: nenda kwa daktari siku hiyohiyo, kabla uvimbe haujashuka, na upate karatasi yenye tarehe.

Siku ya kutoka

Amri ya kuachiliwa haimtoi mtu yenyewe. Inabidi ifike gerezani, na mara nyingi inalala mezani kwa mtu. Mmoja wenu aifuate, asirudi nyumbani mpaka ameona mlango ukifunguka. Geti la Kasapa, kijana apokee billet d'élargissement (karatasi ya kuachiliwa) mkononi, na jina liandikwe sawa, herufi kwa herufi. Pigeni kopi tatu kabla ya kufika Katuba: moja mfukoni mwake, moja kwa mama, moja kwa mtetezi. Patruye ya usiku itamsimamisha, na waliomkamata mara ya kwanza bado wanalijua jina lake.